Fundi baiskeli wa Nakivale asiyeweza kuimba harusi bila majina

Saa moja ya asubuhi, Jumamosi, na Constantin Byamungu bado hajagusa gitaa lake. Ameketi kwenye kigoda uani kwa watu, huko Juru katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kofia ameivika goti, anamhoji bibi kizee ambaye meno yamebaki machache lakini kumbukumbu imekamilika.

"Mama yake Mukarukundo alikuwa nani?" anauliza.

"Yule alimuzaa ao yule alimulea?"

"Bote babili."

"Weye mwanaume unaniuliza sawa polisi!"

"Polisi haimbake, mama. Mimi nitaimba."

Bibi anacheka, kisha anataja majina mawili. Byamungu anafumba macho na kuyarudia kwa sauti ya chini, huku kidole kikigonga goti, ayapime kama yatakaa kwenye mdundo. Hana daftari. Anasema jina likiandikwa hukaa kwenye karatasi, naye analitaka likae mdomoni.

Bibi harusi wa leo anaitwa Uwamahoro, mtoto wa Mukarukundo. Saa sita ataingia uwanjani, na Byamungu ndiye atakayemwingiza.

Byamungu ana miaka hamsini na minane. Jumatatu hadi Ijumaa ni fundi baiskeli huko Base Camp, sehemu nyingine ya makazi hayo, kwenye kibanda cha mabati manne kando ya barabara ya vumbi. Anaziba pancha, ananyoosha rimu, anabadilisha mnyororo. Siku nzuri humpa shilingi elfu saba za Uganda, siku mbaya humpa maneno matupu. Jumamosi ni mwanamuziki wa harusi, na hiyo ndiyo kazi anayoitaja kwanza akiulizwa anafanya nini.

Kwa watu wake, waliotoka bonde la Ruzizi huko Kivu Kusini, bibi harusi haingii kwa miguu tu. Huingia kwa wimbo, tena polepole, hatua mbili mbele na moja nyuma. Mwimbaji huita jina lake, kisha jina la mama yake, la nyanya yake, la shangazi, na kuendelea. Kila anayetajwa hutoka na kikwembe, yaani kitenge, akakitandika chini, na bibi harusi akakanyaga. Aliyekufa naye hutajwa, na mjukuu hutandika kwa niaba yake. Hivyo bibi harusi hufika kitini akiwa amepita juu ya nguo za watu wake wote, bila kukanyaga udongo.

"Wimbo hauna mwisho mpaka yeye afike," anasema Byamungu. "Akiwa na ndugu mingi, ninaimba mingi. Akiwa yatima, natafuta majirani. Hakuna mutoto wa kukosa fasi ya kukanyaga."

Rafiki yake Kayumba, mpiga ngoma wa kikundi tangu mwanzo, hupenda kumtania. "Huyu akifika mbinguni atasimama ku mulango aulize kwanza: Petro, mama yako jina lake nani?"

"Na atanijibu," Byamungu humrudishia. "Weye ndiye watakuuliza ngoma uliibia wapi."

Ufundi wa baiskeli na wa gitaa aliuanza pamoja, katika mji mdogo wa Sange. Mwaka 1996, vita ilipoingia bondeni, alikuwa na kibanda chake, mke wake Eugénie na binti mdogo, Gisèle. Walihama, wakarudi, wakahama tena. Mwaka 2003 walifika Nakivale wakiwa na sufuria mbili na mfuko wa spana. Gitaa lilibaki njiani, liliuzwa kwa unga.

Gitaa alilonalo leo alilichonga mwenyewe kwa mbao za kreti. Nyuzi mbili nyembamba anazitoa ndani ya waya wa breki wa baiskeli: anaukata, anaufumua, anachagua uzi ulionyooka. Ukikatika katikati ya harusi, anao mwingine mfukoni.

Hata namna ya kulinganisha sauti ni ya kwao. Kanisani kwao, badala ya kengele, imetundikwa rimu ya lori inayogongwa kwa nondo. Miaka hii yote kikundi kimekuwa kikikaza nyuzi kwa kufuata sauti ya rimu hiyo. Kwaya nzima huanzia hapo. Ndiyo maana watu wamewaita Wana Rimu, na wenyewe hawakulikataa jina.

Rimu hiyo iliwatia matatani mwaka 2009, walipokwenda Mbarara kurekodi kwa mara ya kwanza.

Walikuwa watano, wamevaa kama wanaokwenda kwa mkuu wa wilaya. Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la simu, kuta zimebandikwa magodoro. Mwenyewe, Arinaitwe, mtu wa makamo mwenye miwani, aliwasikiliza dakika moja, akainua mkono.

"Sebo, mzee wangu, gita yako imepotea njia. Iko katikati ya nota mbili."

"Haikupotea," Byamungu akamjibu. "Iko ku rimu."

"Rimu gani?"

"Ya lori. Iko ku kanisa yetu."

Arinaitwe alicheka mpaka akavua miwani. "Mzee, mimi siwezi leta kanisa hapa. Kaza hiyo nyuzi, fuata kinanda yangu."

Byamungu alikaza. Uzi wa kwanza ukakatika, na wa akiba pia ukakatika. Alitoka, akauliza duka la vipuri vya baiskeli, akarudi na waya mpya wa breki, akaufumua mbele ya Arinaitwe, ambaye safari hii hakucheka. Akasogeza kiti akatazama.

Kisha ukaja wimbo wa kuingiza bibi harusi. Byamungu alisimama mbele ya maikrofoni akauliza: "Ninamuingiza nani?"

"Hapana mtu," Arinaitwe alisema. "Imba tu vile unaimba siku yote. Usiogope mashine."

Alianza, akafika penye majina, akanyamaza. Walirudia mara tatu, na mara tatu alikwama palepale. Wimbo ule hakuwahi kuuimba mtupu tangu azaliwe. Mara ya nne alifumba macho, na mdomo ukatoa majina yaliyokuwa karibu. Jumamosi iliyopita walikuwa wamemwingiza binti mmoja wa Rubondo, Georgette, mtoto wa Mukamurenzi. Basi akamwingiza Georgette tena, na nyanya yake na shangazi zake, mpaka dakika tano za Arinaitwe zikaisha.

"Hakuna alishituka," anakumbuka Kayumba. "Sisi wote tulikuwa ku ile harusi. Tuliona ni sawa kabisa."

Walipewa CD tano, kila mmoja yake. Byamungu aliizungushia kitambaa akaiweka chini ya sanduku. Nyumbani hapakuwa na umeme wala redio ya kuchezea CD, na hakuona haja. "Nisikilize sauti yangu ya nini? Niko nayo," alikuwa akisema.

Miaka miwili baadaye aliyekuwa sauti ya pili, Néhémie, alipata safari ya kuhamishiwa ng'ambo pamoja na watoto wake. Sauti yake nyororo ilipanda ndege, na hadi leo Wana Rimu hawajapata wa kuziba pengo lile.

Wakati huohuo harusi zilianza kubadilika. Walikuja madijei wenye jenereta, spika mbili na flashi ndogo kama ukucha. Dijei mmoja hutoza nusu ya wanachotoza Wana Rimu watano, hachoki, na wala hana watu watano wa kulishwa. Mwaka 2008 kikundi kiliimba harusi kumi na tisa, toka Endiinzi hadi Oruchinga. Mwaka jana ziliingia kumi na moja.

Byamungu hawalaumu. Kati ya wateja wake wa baiskeli wamo madijei wawili, na huwatengenezea vizuri. "Flashi ni nzuri kwa kucheza, bantu banakula, banaruka," anasema. "Lakini flashi haioni. Haioni kama mutoto amefika ao bado iko njiani. Mimi ninaona."

Maneno hayo hakuyasoma mahali. Yalimfika nyumbani kwake, Aprili 2013, siku Gisèle alipoolewa.

Gisèle ni kifungua mimba wake. Alimpata mchumba Mbarara, Cyiza, muuza nguo mpole mwenye jamaa wengi mjini. Mipango ilipoanza, wote walidhani jambo la muziki limekwisha kabla ya kujadiliwa. Binti wa Byamungu aingizwe na nani mwingine?

Gisèle akakataa.

"Baba, ile siku utaikala chini," alimwambia, mbele ya mama yake. "Kila Jumamosi, tangu niko mutoto, uko ku harusi ya bantu. Nimekuona unatoka jasho kwa binti za wengine. Siku yangu nataka nikuone ku kiti, na koti, sawa baba za wengine."

Byamungu anakiri kwamba alisikia maumivu kama ya mtu aliyeachishwa kazi. Lakini binti alikuwa na haki. Kwa desturi, baba wa bibi harusi hukaa mbele na kutazamwa, hatumiki. Na wenzake wa kikundi bila yeye wasingeweza, kwa kuwa mshika majina ni mmoja.

Eugénie ndiye aliyepata dawa. "CD yako si ipo? Basi utaimba na utaikala."

Gisèle aliruka kwa furaha. Byamungu akaahidi kwa mdomo wake kwamba siku hiyo hatainuka kitini. Eugénie, anayemjua mumewe, alilichukua gitaa mapema asubuhi akalifungia kwa jirani, ufunguo akautia kwenye sidiria. CD ikatolewa sandukuni, ikafutwa vumbi, ikakabidhiwa dijei. Hakuna aliyeijaribu. Waliona si vizuri kuifungua kabla ya siku yake.

Uwanja wa kanisa ulijaa. Upande mmoja walikaa wageni wa Mbarara, upande mwingine kina mama wa Nakivale wakiwa na vikwembe vimekunjwa mikononi. Gisèle alitokea kwa mbali, mweupe kuanzia kichwani. Dijei akabonyeza.

Sauti iliyotoka kwanza haikuwa ya Byamungu. Ilikuwa ya Néhémie.

"Néhémie! Néhémie eko hapa!" mwanamke mmoja alipiga kelele, na vigelegele vikafuata. Dada yake Néhémie alijifunika uso kwa kikwembe chake. Kwa ubeti ule mzima, Byamungu akiwa kitini na koti lake la kuazima, aliona kwamba mashine ile ya Mbarara imefanya jambo ambalo yeye hangeliweza kwa gitaa lolote. Imemrudisha mtu.

Gisèle alicheza hatua zake mpaka mahali kikwembe cha kwanza kinapotandikwa. Eugénie alikuwa tayari, mguu mmoja mbele.

Spika zikaita: "Georgette! Georgette, mtoto wa Mukamurenzi!"

Mguu wa Eugénie ukarudi nyuma. Kina mama wakatazamana. Upande wa Mbarara, shangazi mmoja wa bwana harusi aliuliza bila kupunguza sauti: "Georgette ndiye nani? Kwani wako wawili?"

Byamungu akakumbuka. Miaka minne ilimpita usoni kwa mara moja: magodoro ukutani, miwani ya Arinaitwe, mara ya nne macho yakiwa yamefumbwa.

CD haikujua lolote. Iliendelea kuwaita watu wa Georgette mmoja mmoja, na hakuna aliyetandika. Dijei, akidhani watu hawasikii, akaongeza sauti. Bibi Nabintu, mama mzazi wa Eugénie, alisimama na kikwembe chake kifuani, ameelekeza sikio kwenye spika, anangoja jina lake. Na Gisèle alikuwa amesimama. Majina yakishaanza, bibi harusi hakanyagi udongo. Akikanyaga, ni kama ameingia kwa watu wa mumewe akiwa hana kwao.

Wimbo ukaisha. Bibi harusi alikuwa katikati ya uwanja, kati ya pande mbili, na ikasikika jenereta peke yake.

Gisèle aligeuza kichwa akamtazama baba yake.

"Miguu ilitaka kuinuka yenyewe," anasimulia Byamungu. "Nikashika kiti mikono mbili. Nilikuwa nimemuahidi."

Hakuinuka. Akiwa amekaa, bila gitaa, bila maikrofoni, kifungo cha koti kimefungwa, alifungua kinywa akaita: "Gisèle! Gisèle, mtoto wa Eugénie!"

Kayumba, aliyekuwa mgeni tu siku hiyo, alipindua kreti ya soda akaanza kuigonga. Eugénie alitandika. Binti akakanyaga. "Mtoto wa Nabintu!" Bibi akafika na kikwembe chake, hakukitandika tu, alipiga magoti akakinyoosha kwa viganja kama anatandika kitanda cha mgonjwa. Wakaitwa mashangazi. Wakaitwa waliobaki Sange na ambao hawakumaliza njia, na wajukuu wakawatandikia.

Ulipofika upande wa Mbarara, majina yalimwishia, kwa kuwa hakwenda kuyauliza. Hakuaibika. Aliuliza ndani ya wimbo, kwa sauti ileile: "Mama wa Cyiza, jina lako ni nani?"

Mama yule alijitaja kutoka kitini, akavua shuka la begani, akaja kulitandika. Wote wa upande ule wakaanza kupiga kelele za majina yao, kila mmoja anaogopa kurukwa. Wimbo uliochukua dakika tano Mbarara ulichukua karibu nusu saa Nakivale, na Gisèle alifika kitini bila vumbi kwenye viatu.

Akiulizwa leo kama alimkasirikia baba yake, Gisèle hucheka. "Nilitaka aikale," anasema. "Akaikala."

Miaka miwili imepita. Leo, Juru, saa sita imefika na Uwamahoro anaingizwa. Byamungu amesimama na gitaa kifuani, macho yako kwenye miguu ya bibi harusi. Binti anachelewa kidogo, naye anarefusha. Anawahi kidogo, naye anaruka kibwagizo. Mama zake Mukarukundo, aliyemzaa na aliyemlea, wote wawili wanatajwa, na yule bibi wa asubuhi anawatandikia vikwembe viwili akimtazama mwimbaji kwa macho ya kusema: umekumbuka.

Baadaye, wageni wakiwa kwenye wali, Byamungu anakaa kando na Kayumba na kueleza safari ijayo ya kikundi. Majina ya Gisèle na Cyiza yameonekana kwenye orodha ya kuhamishiwa ng'ambo, na wanaweza kuondoka kabla ya mwaka kwisha, pamoja na binti yao wa mwaka mmoja. Gisèle ameomba kitu kimoja cha kubeba, wimbo wa kuingiza bibi harusi, akatoa na sharti: "Baba, ile ya Georgette siendi nayo."

Kwa hiyo mwezi ujao Wana Rimu wanarudi studio. Kwanza watakwenda na rimu yenyewe. Kanisa limekubali kuwaazima kwa siku mbili, na dereva wa lori la mahindi amekubali kuibeba. Kinanda, safari hii, kitanyamaza.

Pili, wimbo wa kuingiza bibi harusi utarekodiwa kwa namna ambayo Byamungu ameifikiria tangu ile siku ya kreti ya soda. Beti zitaimbwa. Penye majina, sauti itakoma, na gitaa na ngoma zitaendelea peke yake, muda mrefu, zikingoja. Huko aendako mjukuu wake, siku akiwa mkubwa, watakaokuwapo wataita wenyewe.

"Mimi siwezi kuona miguu yake kutoka hapa," anasema. "Basi ninawaachia fasi bale batakuwa banamuona."

Arinaitwe alipigiwa simu juma lililopita, akaelezwa. Anakubali rimu, anasema hata ana hamu ya kuiona. Linalomsumbua ni lile pengo. Byamungu anampigia tena sasa hivi, simu ameiweka sauti ya juu ili Kayumba asikie.

"Mzee, nimefikiria sana," inasema sauti kutoka Mbarara. "Dakika kumi hakuna mtu anaimba. Watu watafikiri CD imeharibika."

Byamungu anatazama uwanjani, ambako kina mama wanaokota vikwembe vyao, wanakung'uta nyasi, wanakunja.

"Wengine watafikiri hivyo," anajibu. "Lakini mwenye kikwembe mukononi atajua ni zamu yake."